Chuo Kidogo na Malezi ya Utu

Chuo hupimwa kwa mambo mengi. Wako wanaokipima kwa ukubwa wa majengo yake, wako wanaokipima kwa wingi wa vitabu katika maktaba yake, na wako wanaokipima kwa idadi ya vijana waingiao kila mwaka na watokao na shahada mikononi. Vipimo hivi si vya kudharauliwa, walakini vyote hupima kitu kilicho nje ya mwanafunzi. Kipo kipimo kingine ambacho hakitiwi katika taarifa za mwaka, nacho ni hiki: aliyeingia amekuwa mtu wa namna gani alipotoka? Swali hili lahusu chuo chochote, kikubwa au kidogo. Lakini katika chuo kidogo lina uzito wa peke yake, kwa sababu huko mwanafunzi huishi mbele ya macho ya watu wamjuao. Hujulikana kwa jina, kwa sauti na kwa mwendo. Hujulikana kwa bidii yake na kwa uvivu wake. Yafaa kuuliza, basi, kama macho hayo humlea utu au humfundisha unafiki tu.

Lugha ya Kiswahili ilikijua chuo kidogo kabla ya kukijua chuo kikuu. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa kitabu. Kisha neno hilo likachukua na maana ya mahali pa kusomea, na mtu aliyezama katika elimu akaitwa mwanachuoni. Mtoto wa pwani alipopelekwa chuoni alikaa mkekani mbele ya mwalimu mmoja, ubao wake mkononi, na hakuwa na mahali pa kujificha. Herufi aliyoikosea ilisikiwa, na siku ambayo hakufika aliulizwa. Aliyeendelea mbele hakuhesabiwa elimu yake kwa miaka aliyokaa, bali kwa vitabu alivyovisoma na kwa jina la mwalimu aliyemsomesha kila kitabu. Katika mpango huo elimu haikuachana na tabia, kwa kuwa jina la mwalimu lilitembea pamoja na mwanafunzi wake. Mwanafunzi alipoharibika, jina hilo nalo liliingia doa.

Vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki navyo vilianza kwa udogo. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, nao walijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Hakikuwa na jengo lake chenyewe. Kilipewa nafasi katika jengo la chama cha TANU, katika mtaa wa Lumumba, na shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1964 kikahamia juu ya kilima ambacho watu hukiita Mlimani. Na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Leo ni vigumu kudhani kwamba wanafunzi wake wote waliweza siku moja kuketi katika chumba kimoja. Lakini waliweza, na jambo hilo lina mafunzo yake.

Funzo la kwanza ni la darasani. Katika ukumbi wa wanafunzi 300 ujinga wa mtu ni siri yake. Mwalimu huuliza, ukimya huenea ukumbini, na hakuna ajuaye ukimya ule ni wa nani. Katika chumba cha wanafunzi 8 ukimya una mwenyewe. Macho huzunguka meza, na mwisho hutua juu ya yule ambaye hakusoma. Shida hii ni kali zaidi kwa kijana mgeni, kwa sababu aghalabu alikuwa wa kwanza katika shule aliyotoka. Alizoea kutajwa kwa sifa, na kijiji chake kilimtuma kwa fahari. Sasa amekaa mezani na wenziwe 7, na kila mmoja wao alikuwa wa kwanza alikotoka. Mmoja kati yao hana budi kuwa wa mwisho, na yamkini ni yeye.

Hapo kijana huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kujifanya: kuazima maneno makubwa, kutaja vitabu ambavyo hakuvifungua, kutikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ya pili ni kusema sijui. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema kwamba kuuliza ni rahisi. Ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kusifiwa. Chuo kidogo humsukuma katika njia ya pili, si kwa wema wake, bali kwa sababu njia ya kwanza haifiki mbali. Uongo wa elimu hauwezi kudumu muhula mzima mbele ya watu 7 wanaosoma kitabu kile kile. Siku kijana aliposema sijui kwa mara ya kwanza, na dunia isianguke, siku ile alikua kuliko siku aliyopata alama nzuri.

Funzo la pili ni la bwenini. Mtu wa mji mkubwa huchagua rafiki zake, na aghalabu huwachagua wafananao naye. Katika chuo kidogo kijana hupewa wa kulala naye chumba kimoja, na huenda mmoja ametoka katika baridi ya Njombe na mwingine katika mikarafuu ya Pemba. Mmoja huamka kabla ya alfajiri kwa ibada. Mwenziwe husoma hadi usiku wa manane na taa haizimwi. Haya ni mambo madogo, lakini ugomvi mwingi duniani hauna asili kubwa kuliko taa. Waligombana Jumatatu, na Jumanne wamekutana katika foleni ya chakula, kwa kuwa hakuna foleni nyingine. Hakuna mahali pa kuhamia wala kundi jingine la kukimbilia. Basi mmoja lazima aanze kusema samahani, na mwingine lazima ajifunze kuipokea bila kuitia chumvi. Kusamehe ni somo ambalo halina mhadhiri, na udogo wa mahali humlazimisha mtu kulisoma.

Lakini mwenye fikira atapinga. Atasema kwamba mtu atendaye wema kwa sababu anatazamwa hajatenda wema, ametenda woga. Pingamizi hili ni la zamani sana. Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, aliandika kisa cha mchungaji wa Lydia aliyeokota pete iliyoweza kumfanya asionekane. Mchungaji alipojua nguvu ya pete alimpotosha malkia, akamwua mfalme, akachukua ufalme. Swali la kisa ni hili: ni nani aliye mwadilifu hata akivaa pete ile? Wanachuoni wa pwani nao walikuwa na neno kwa ajili ya wema unaofanywa ili uonekane. Waliuita riya, na waliuhesabu kuwa maradhi ya moyo, maana huila ibada kama mchwa alavyo mti: nje ni mzima, ndani ni unga. Ikiwa mwanafunzi huhudhuria darasa kwa kuwa kukosekana kwake kungeonekana, na huacha kuiba katika mtihani kwa kuwa viti vimekaribiana, je, chuo kimemlea au kimemlinda tu?

Pingamizi hili lina kweli ndani yake, lakini linasahau mwanzo wa tabia. Shikamoo ya kwanza ya mtoto haitoki moyoni mwake. Hutoka katika jicho la mama yake. Mtoto hutazama juu, huona jicho lile, na husema neno asilolijua maana. Husema leo, husema kesho, husema miaka, na siku moja hukutana na mzee njiani mahali ambapo mama hayupo. Akiamkia siku ile, neno limekuwa lake. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba shikamoo zote za utotoni zilikuwa unafiki. Zilikuwa mazoezi. Waashi wamwagapo zege huliegemeza kwa miti. Zege bichi haliwezi kujishika lenyewe, na si aibu yake. Aibu ni ya nyumba ambayo miaka 10 baadaye bado inasimama kwa miti.

Kwa hiyo macho ya wenziwe ni miti ya kuegemeza, na kazi ya chuo ni kujua wakati wa kuiondoa. Chuo kinachomchunga mwanafunzi hadi siku ya mwisho kimempa ulinzi, hakikumpa malezi. Na kipo kipimo kimoja ambacho kila chuo kidogo hukijua. Maktaba ndogo aghalabu huwa na nakala moja ya kitabu kinachotakiwa, na wanafunzi 12 wanakihitaji kabla ya mtihani. Usiku mmoja kitabu hutoweka. Hakikuibwa, kimefichwa nyuma ya vitabu vya fani nyingine, katika rafu ambayo hakuna aigusaye, na mtu mmoja tu ajua kilipo. Huyo amevaa pete ya mchungaji wa Lydia. Mbele ya watu ni mpole, huhudhuria darasa, husema samahani, huazima wenziwe wino na karatasi. Macho ya wachache yaliyaona yote hayo, na hayakuona rafu ile. Wenziwe 11 huingia katika mtihani na pengo moja, naye huingia na ushindi ambao hawezi kumweleza mtu.

Kitabu kilichofichwa ni jambo dogo kuliko kiti cha ufalme, lakini hukumu yake ni ile ile. Aliyekificha hajawadhulumu wenziwe saa chache za kusoma tu. Amejithibitishia kwamba yote aliyoyatenda mbele yao yalikuwa riya. Na aliyekipata kwa bahati katika rafu ile, akakirudisha mahali pake bila kutangaza, ameyaondoa macho ya watu juu yake akabaki amesimama. Chuo hakiwezi kumpa shahada ya tendo hilo, kwa sababu hakitalijua kamwe. Huu ndio ukomo wa uwezo wa chuo: chaweza kumfikisha mtu mlangoni pa uadilifu, lakini kuingia huingia mwenyewe, peke yake.

Iko hatari nyingine, nayo ni ya swali ambalo wenye kusifu udogo hulisahau: macho ni ya nani? Mwanafunzi wa chuo kidogo huonwa na wanafunzi. Walio mezani pake wamesoma kama yeye, wanatumaini kazi kama yake, na hucheka yale ayachekayo. Watu wachache wanaotazamana sana huanza kudhani kwamba wao ndio dunia. Mkulima anayelipa kodi ya chuo hayumo chumbani. Mpishi yumo, na mfagiaji yumo, lakini huenda miaka 3 ikapita bila mwanafunzi kujua majina yao, ingawa wao wanalijua lake.

Historia ya Dar es Salaam ina mfano wake. Mwaka 1966 serikali ilikusudia kwamba vijana wamalizapo masomo ya juu walitumikie taifa kwa miaka 2, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara wao. Tarehe 22 Oktoba mwaka ule wanafunzi wa chuo kikuu pamoja na wengine waliandamana mpaka Ikulu kupinga. Walichukua mabango, na bango moja lilisema kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa ghadhabu. Wanafunzi zaidi ya 300 walifukuzwa na kurudishwa makwao. Wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Tukio lile limehukumiwa kwa namna nyingi, na hukumu nyepesi ni kwamba vijana walikuwa na choyo. Mithali ya Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mwanafunzi katika nchi maskini ni mgeni aliyekaa miaka mingi mezani. Nchi ilikuwa na wasomi wachache mno, na uchache ule ulikuwa deni, lakini wenyewe waliuona kuwa cheo. Bango lile lisingeandikwa na watu waliokuwa wakitazamwa na wazee wao waliokumbuka kodi ya kichwa. Liliandikwa na vijana waliotazamana wao kwa wao, wakaonana kuwa na haki.

Walakini kuna upande wa pili, na insha ya haki haiwezi kuuficha. Vijana wale walisema pia kwamba wanatakiwa kujinyima na watu wasiojinyima. Siku ile ile Nyerere alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine nayo ikapunguzwa. Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, lenye masharti juu ya mali za viongozi. Haina maana kwamba vijana walilileta Azimio. Maana yake ni kwamba jicho lao liliona kitu, ingawa halikujiona lenyewe. Kijana aliyelelewa kusema kweli mezani mbele ya watu 7 siku moja ataisema mbele ya mkubwa. Atakosea katika kuisema, atachanganya haki na tamaa yake, na huenda akaadhibiwa. Lakini chuo kinachotaka vijana wasiokosea kamwe kwa kusema hakina budi kulea vijana wasiosema kamwe. Kipi ni hasara kubwa zaidi? Kosa la kusema husahihishwa mchana, mbele ya watu. Kosa la kunyamaza huoza ndani.

Tena haikuwa lazima duara la wachache lijifunge. Kule Lamu, Habib Saleh, mwanachuoni aliyejenga msikiti na chuo cha Riyadha, aliwasomesha hata wana wa watumwa na watu ambao waungwana wa mji hawakupenda kuketi nao mkeka mmoja. Chuo chake kilianza kwa udogo kama vingine, na kilichokikuza ni ule mkeka uliotandikwa kwa watu ambao mji haukuwatazamia. Mwanafunzi wa Riyadha alionwa na macho yasiyofanana na yake, na elimu yake ilipaswa kusimama mbele ya macho hayo.

Miaka michache baada ya maandamano ya 1966, Mlimani palikuwa na kundi dogo la wanafunzi waliokutana Jumapili kusoma na kujadiliana juu ya historia na siasa za Afrika, wakati mwingine pamoja na walimu kama Walter Rodney. Hawakupewa alama kwa masomo yale, wala hakuna mtahini aliyewatazama. Mwaka 1969 walianzisha gazeti lao, Cheche, na mwaka 1970 lilipigwa marufuku. Mtu aweza kukubali au kukataa fikira zao. Neno kubwa hapa ni kwamba walisoma bila kutazamwa, na walisoma ili waone watu waliokuwa nje ya chumba chao. Katika mambo hayo mawili ndimo mwanafunzi hukomaa.

Leo vyuo vimekua. Mlimani pana maelfu kwa maelfu ya wanafunzi, na waweza kukaa miaka 3 bila mwalimu kujua majina yao. Hata katika chuo chenye wanafunzi wachache, kijana aweza kukaa bwenini macho yake yakiwa juu ya simu, akitazamwa na watu wengi wasiomjua na asitazamwe na mwenziwe wa kitanda cha pili. Kwa hiyo udogo si hesabu ya vichwa. Udogo ni hali ya kujulikana, nayo yaweza kutengenezwa katikati ya umati: watu 6 wanaosoma kitabu kimoja chini ya mwembe, mwalimu anayeuliza kwa jina, mwanafunzi anayemwamkia mfagiaji kwa jina. Na hali hiyo yaweza kukosekana katika chuo cha watu 100 wanaopishana kama wageni.

Ipo siku ya likizo ambapo kijana hurudi nyumbani, na bibi yake humwuliza: mjukuu wangu, huko unasoma nini hasa? Wasomi wengi wameshindwa kujibu swali hilo, kwa sababu masomo yalikuwa katika lugha ya Kiingereza, au kwa sababu hawakuwahi kudhani kwamba bibi ana haki ya kujua. Mtihani huu hauna mwongozo wala alama. Kijana akiweza kumweleza bibi kwa Kiswahili safi anachosoma na kwa nini kina faida, na akiweza kusikia bibi akimwambia hapo mmekosea, bila kununa, basi amezidisha macho yanayomtazama, na hayo si macho ya wasomi peke yao.

Jawabu la swali la mwanzo, basi, haliko upande mmoja. Macho ya wachache hulea utu, lakini huulea nusu. Humfundisha kijana kusema sijui, kusema samahani, na kusema hapana. Nusu ya pili hayawezi kumfundisha: kumwona asiyekuwamo chumbani, na kutenda haki penye rafu isiyoguswa na mtu. Hayo hubaki kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Huingia chuoni akiwa mtu anayetazamwa. Yampasa atoke akiwa mtu anayeona.